"Sista, mbona hamjamtundikia dripu?" Historia ya maji ya wodini

SEHEMU YA 1

Niliahidi wiki iliyopita kwamba nitaandika kuhusu dripu, na kwa jinsi mlivyojaza inboksi yangu naona nimechelewa. Haya, kaa vizuri, leo ni ndefu. Nitaikata vipande ili uweze kusoma kidogo kidogo hata ukiwa kwenye daladala.

Mimi ni nesi wa wodi ya magonjwa ya ndani, wodi ya watu wazima. Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu dawa. Wala halihusu bili, ingawa hilo nalo linakuja kwa wakati wake. Ni hili: "Sista, mgonjwa wetu yuko hapa tangu asubuhi, mbona hamjamtundikia dripu?" Ataliuliza mama mkwe. Ataliuliza kaka mkubwa aliyeshuka na basi la alfajiri kutoka mkoani. Hata mchungaji aliyekuja kuomba akimaliza tu "amina", anainua macho kwenye ile nguzo ya chuma, anaikuta haina kitu, anakutazama wewe nesi.

Kwetu dripu ndiyo dalili kwamba mgonjwa anahudumiwa. Sindano huioni ikishachomwa, kidonge kikishamezwa kimepotea, lakini dripu inaning'inia pale kila mtu anaiona. Jirani akipiga simu kuuliza hali, jibu ni "katundikiwa dripu", na roho zinatulia.

Sasa nataka nikusimulie hiyo chupa ilitoka wapi, nani aliianzisha na kwa ugonjwa gani. Halafu nikueleze kwa nini katika miaka kama kumi na tano hivi iliyopita tafiti kubwa, nyingine zimefanyika hapahapa Afrika Mashariki na kwa jirani zetu Zambia, zimetufanya tuwe wazito kuitundika kwa baadhi ya wagonjwa. Usinielewe vibaya. Kuna mgonjwa akikosa dripu mchana huu, jioni tunamfunika shuka. Lakini kuna mwingine akiwekewa kwa pupa ndiyo tunamfunika. Kazi yote iko kwenye kuwajua yupi ni yupi.

SEHEMU YA 2

Turudi nyuma, mwisho wa mwaka 1831. Kipindupindu kimeingia Uingereza kwa mara ya kwanza kupitia mji wa bandari wa Sunderland. Watu wanaharisha na kutapika mpaka macho yanazama, ngozi inakuwa ya bluu, sauti inakauka. Mtu mzima wa afya asubuhi, usiku maiti. Na madaktari wa zama hizo walikuwa wanafanya nini? Walimtoa mgonjwa damu! Ndiyo, mtu ameisha maji mwilini, wewe unamkata mshipa kumpunguzia. Wengine waliwapa brandi, wengine dawa zenye zebaki.

Kijana mmoja kutoka Ireland, William O'Shaughnessy, umri wake miaka 22 tu, akaenda Sunderland kuwaona wagonjwa kwa macho yake. Alichukua damu yao akaipima. Akakuta imepoteza sehemu kubwa ya maji yake na chumvi zake. Akaandika kwenye jarida la Lancet kwamba tiba inayoingia akilini ni kuirudishia damu kile ilichopoteza. Yeye mwenyewe hakumtibu mgonjwa yeyote kwa njia hiyo. (Baadaye alikwenda India na kule ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyaya za telegrafu. Watu wengine bwana, maisha moja hayawatoshi.)

Aliyethubutu ni daktari wa Scotland, Thomas Latta, katika mji wa Leith, Mei 1832. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama mzee. Latta alimchagua kwa sababu alikuwa amekwisha, kiasi kwamba aliona hakuna tena kitu kinachoweza kumdhuru. Akaingiza mrija kwenye mshipa wa mkono, akaanza kusukuma maji yenye chumvi kidogo kidogo huku akimtazama. Mwanzoni hakuna kitu. Akaendelea. Baada ya muda yule mama akaanza kupumua vizuri, macho yaliyokuwa yamezama yakarudi, mapigo yakasikika mkononi, mwili ukapata joto. Zaidi ya lita 3 zilikuwa zimeingia kwa muda wa kama nusu saa. Mama anazungumza, anatania, anasema anachohitaji sasa ni usingizi.

Latta akaona kazi imekwisha, akamwacha chini ya uangalizi wa daktari wa hospitali, akaondoka. Haukupita muda mama akaanza tena kutapika na kuharisha. Hakuna aliyemwongezea maji. Baada ya saa tano na nusu akafariki.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa makusudi. Mgonjwa wa kwanza wa dripu alikufa kwa sababu alipewa pungufu. Maji yake yaliendelea kutoka, na yaliyoingia yakakatishwa. Latta mwenyewe aliandika kwamba anaamini angeendelea kumwekea, angepona. Kwa ugonjwa wa kupoteza maji alikuwa sahihi kabisa. Wagonjwa wake waliofuata, baadhi walipona. Lakini mwaka uliofuata, 1833, Latta mwenyewe akafariki, wimbi la kipindupindu likapita, na wenzake wengi waliopinga njia yake wakashinda kwa kunyamaza tu. Maji ya kwenye mshipa yakasahaulika kwa miaka mingi. Wala usiwalaumu sana. Maji yao hayakuwa yamechemshwa kuua vijidudu, haikuwa imejulikana bado kwamba bakteria huleta magonjwa, na kipimo cha chumvi hakikuwa bado sahihi.

SEHEMU YA 3

Hapa napita haraka.

Miaka ya 1880, jijini London, daktari Sydney Ringer alikuwa anachunguza moyo wa chura: aweke maji gani ili moyo uliotolewa uendelee kudunda? Siku moja ukadunda saa nyingi kuliko kawaida. Kumbe maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba, si yale yaliyosafishwa maabara, na maji ya bomba ya London yana chokaa, yaani kalisiamu. Hapo ndipo lilipozaliwa jina unaloliona kwenye chupa, Ringer. Mwaka 1932 daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, akaongeza lakteti. Ile "RL" tunayoandika kwenye faili ni kazi ya hao wawili na chura.

Ile nyingine, salaini ya asilimia 0.9, tunayoiita "ya kawaida", asili yake ni maabara ya Mholanzi Hartog Hamburger aliyekuwa anachunguza chembe nyekundu za damu zisipasuke. Na kusema kweli haina ukawaida wowote. Kila lita ina gramu 9 za chumvi. Chupa moja ya nusu lita ina gramu 4.5, wakati Shirika la Afya Duniani linatushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Ukitundikiwa chupa nne umekula chumvi ya karibu siku nne, na hujaionja.

Na ile dripu ya glukosi ya asilimia 5, ambayo watu huifuata dukani na kuomba wawekewe nyumbani "kuongeza nguvu"? Nusu lita ina gramu 25 za sukari. Soda moja ya chupa ina zaidi ya hapo. Sijui nicheke au nilie.

Kwenye miaka ya 1960 watafiti wa Dhaka na Calcutta wakathibitisha kwamba hata mgonjwa wa kipindupindu anaweza kunywa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi na yakafyonzwa. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh, wakimbizi wamejazana kambini Bangaon, chupa za dripu zimekwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa ORS ndoo kwa ndoo, ndugu wa wagonjwa wenyewe ndio wakinywesha. Vifo vilikuwa kama asilimia 30, vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Pakiti ile unayoiona ni ya bei ya karanga imeokoa watu wengi sana, lakini hakuna ndugu hata mmoja aliyewahi kunisimamisha koridoni kuuliza "mbona hamjampa ORS?"

SEHEMU YA 4

Sasa tunaingia kwenye karne yetu. Hapa ndipo mambo yanapogeuka, kwa hiyo nisomee taratibu.

Kuna hali tunayoiita wodini sepsisi. Mtu ana maambukizi makali, labda nimonia, labda ya njia ya mkojo, labda TB iliyosambaa, na mwili wake katika kupigana unaanza kujiumiza wenyewe. Presha inashuka, mapigo yanakimbia, anachanganyikiwa, mkojo unapungua. Ukimtazama kwa haraka anafanana na mgonjwa wa kipindupindu: presha chini, mikono baridi, mapigo dhaifu. Lakini hajaharisha. Maji yake hayajatoka nje. Mishipa yake imelegea, na kuta zake zinavuja ndani kwa ndani.

Mwaka 2001 daktari Emanuel Rivers na wenzake wa Detroit, Marekani, walitoa utafiti wa wagonjwa 263 wa aina hiyo. Kundi moja lilitibiwa kama kawaida. Jingine lilitibiwa kwa mpango mkali wa saa sita za kwanza: maji mengi mapema (karibu lita 5 kwa wastani), dawa za kupandisha presha, damu, vipimo vya kila wakati. Waliokufa hospitalini katika kundi la kawaida walikuwa asilimia 46.5, la mpango mkali asilimia 30.5. Dunia ikashangilia. Miongozo ikaandikwa: mgonjwa wa sepsisi mwenye presha ya chini apewe mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa tatu. Mtu wa kilo 60 hiyo ni karibu lita 2, na hiyo ni ya kuanzia tu.

Vitabu vikafika mpaka kwetu. Na kwa kuwa katika mpango mzima wa Detroit kitu ambacho hospitali ya wilaya inacho ni maji, basi tukachukua maji. Mashine za kupumulia hatukuwa nazo. Chumba cha ICU, hamna. Muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja, usiniambie. Chupa tu ndizo zilizokuwa stoo.

SEHEMU YA 5

Wa kwanza kuuliza kwa sauti "hivi hii inafaa na kwetu?" walikuwa watu wa watoto. Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, pwani ya Kenya, na wenzake wa Uganda na Tanzania, wakiwemo wa hospitali ya Muheza, Tanga, walifanya utafiti ulioitwa FEAST. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa kura. Wenye kuharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Wengine walipewa maji mengi ya haraka, ya aina mbili tofauti. Wengine waliwekewa maji ya taratibu tu ya kawaida. Watafiti wenyewe walitegemea maji ya haraka yaokoe watoto.

Kamati ya usalama ikasimamisha utafiti kabla ya wakati. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili ya maji ya haraka walikufa watoto asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi la taratibu, asilimia 7.3. Matokeo yalichapishwa 2011. Wapo wakubwa wa Ulaya na Marekani waliosema hapana, labda ni malaria, labda ni upungufu wa damu, Afrika ni tofauti. Walipochambua kundi kwa kundi, wenye malaria na wasio nayo, picha ilikuwa ileile.

Lakini mimi nauguza watu wazima, kwa hiyo utafiti unaoniuma zaidi ni wa Lusaka.

Hospitali kuu ya mafunzo ya Lusaka, Zambia, Oktoba 2012 hadi Novemba 2013. Daktari Ben Andrews na wenzake wa Zambia walichukua watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini. Kabla ya huu walishafanya mmoja mdogo ambao ulilazimika kusimama mapema, kwa sababu waliokuja wakiwa tayari na shida ya kupumua walikuwa wanakufa mno. Kwa hiyo safari hii waliokuwa na shida kubwa ya kupumua hawakuchukuliwa. Walibaki 209 wa kuchambuliwa. Umri wao kwa wastani ni kama miaka 37. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa wanaishi na VVU. Sasa fikiria hiyo miaka 37. Huyo ni baba au mama mwenye watoto shule ya msingi, ndiye anayelipa kodi ya nyumba, ndiye anayemtumia hela mama yake kijijini.

Kundi moja lilipewa mpango: lita 2 ndani ya saa ya kwanza, kisha hadi lita 2 nyingine ndani ya saa nne zilizofuata, huku wakiangaliwa pumzi, oksijeni na mishipa ya shingo. Presha ikigoma, dawa ya kuipandisha. Kundi la pili lilitibiwa jinsi daktari wa zamu alivyoona inafaa, kama siku zote. Ndani ya saa sita kundi la mpango lilipata karibu lita 3.5, la kawaida lita 2.

Waliokufa hospitalini katika kundi la kawaida: asilimia 33. Katika kundi la mpango: asilimia 48.1.

Soma tena. Kundi lililohudumiwa kwa bidii zaidi, lililofuata kitabu, na ambalo ndugu wangeliona wangesema "hawa ndio wanajali", ndilo lililopoteza watu zaidi. Katika kila watu 100, kama 15 zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la JAMA la Marekani, na mimi naona ni kati ya kurasa muhimu zilizowahi kuandikwa kuhusu wodi kama yangu.

SEHEMU YA 6

Kwa nini? Ngoja nikueleze kama ninavyowaeleza wanafunzi wa uuguzi wanaokuja field.

Chukua bomba la bustani lenye matundu madogomadogo. Ukifungulia maji kwa nguvu, kwa muda utaona bomba limevimba vizuri, presha imepanda, unafurahi. Lakini maji yanapenya kwenye matundu, na kadiri unavyofungulia ndivyo yanavyopenya zaidi. Kwa mgonjwa wa sepsisi maji hayo yanaenda kwenye mapafu, kwenye utumbo, kwenye miguu. Yakijaa kwenye mapafu, oksijeni haipiti. Kule Detroit mgonjwa akifika hapo anawekewa mashine ya kupumulia, anavushwa siku mbili tatu, maji yanatolewa, anarudi. Wodini kwetu akifika hapo ana mrija wa oksijeni puani na nesi mmoja mwenye wagonjwa thelathini.

Ongeza na hili: wengi wa Lusaka walikuwa wamedhoofika, damu ndogo, wengine na TB. Moyo uliochoka hauwezi kusukuma lita tatu na nusu za ghafla. Na damu iliyokuwa nyepesi tayari, ukiichanganya na maji inazidi kuwa nyepesi.

Sasa usikimbilie kusema "ni Afrika tu". Mwaka 2014 na 2015 tafiti tatu kubwa, za Marekani, Australia na Uingereza, ziliujaribu upya ule mpango wa Detroit na hazikuona faida yake juu ya huduma nzuri ya kawaida. Kisha 2022 wa Ulaya wakatoa utafiti wa CLASSIC, wagonjwa zaidi ya 1,500 wa ICU: kubana maji au kuyaachia, vifo ni karibu sawa, asilimia 42.3 na 42.1 kwa siku 90. Mwaka 2023 Wamarekani na CLOVERS yao, wagonjwa 1,563: asilimia 14.0 na 14.9. Sawasawa tu. Na miongozo ya kimataifa ya 2021 ile "lazima mililita 30 kwa kilo" ikashushwa daraja, ikawa "tunapendekeza", tena kwa sauti ndogo.

Ona tofauti. Penye mashine na wahudumu wengi, kuzidisha maji hakuonekani kuua sana kwa sababu kuna wa kukuokoa na madhara yake. Pasipo na mashine, madhara yanakuwa wazi. Kwa hiyo swali la Lusaka halikuwa la kimaskini, lilikuwa swali sahihi lililoulizwa mahali ambapo jibu haliwezi kufichika.

SEHEMU YA 7

Mtu mmoja aliniandikia: "Sawa, je, ni chupa ya aina gani iliyo bora?" Swali zuri.

Zilikuwepo chupa za bei kubwa zenye wanga maalumu, zilizosifiwa kwamba zinakaa kwenye mishipa na hazivuji. Mwaka 2012 utafiti ulioongozwa na Wadenmaki ulikuta kwamba wenye sepsisi waliopewa hizo, asilimia 51 walikuwa wamekufa baada ya siku 90, dhidi ya asilimia 43 ya waliopewa Ringer. Figo nazo ziliumia. Kabla ya hapo daktari mmoja maarufu wa Ujerumani aliyekuwa amezisifu kwenye makala nyingi alikutwa na udanganyifu katika utafiti, na makala zake kwa makumi zikafutwa. Sokoni Ulaya chupa hizo zimeondolewa.

Salaini na Ringer je? Salaini ina kloraidi 154 kwa lita, damu yako ina kama 100. Ikizidi inaweza kuifanya damu kuwa na asidi na kuzisumbua figo. Mwaka 2018 hospitali ya Vanderbilt, Nashville, ilichunguza watu wazima 15,802 wa ICU. Waliokufa au kuumia figo vibaya walikuwa asilimia 14.3 kwa maji ya aina ya Ringer na 15.4 kwa salaini. Tofauti ndogo, ila ipo. Brazil mwaka 2021, na Australia na New Zealand mwaka 2022, wakarudia na hawakuiona. Mwaka 2025 hospitali saba za Ontario, Canada, zikafanya jambo nililolipenda kwa urahisi wake: hospitali nzima inatumia aina moja kwa wiki kadhaa, kisha inabadilisha kwenda aina nyingine. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kuapa nayo.

Kwa hiyo nikikutana na daktari na nesi wanagombana kuhusu Ringer na salaini kwa mgonjwa wa kawaida wa wodini, nawapita. Aliyeumia kichwa apewe salaini, hapo hakuna mjadala. Kwa wengine wengi, wingi na mwendo vina uzito zaidi ya jina la chupa.

SEHEMU YA 8, ya mwisho

Hii ndiyo uliyokuwa unaisubiri wewe mwenye mgonjwa.

Nani anahitaji maji kwa haraka na kwa wingi? Mwenye kipindupindu au kuharisha kukali. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili. Mwenye kisukari aliyepanda sana mpaka pumzi inanukia tofauti. Anayetokwa damu nyingi naye aanze na maji wakati damu yenyewe inatafutwa. Hao ukiona hawajawekewa, uliza, na uliza kwa sauti. Una haki.

Mwenye sepsisi naye anaweza kuwekewa, lakini kwa vipimo: kidogo, tunaangalia, kidogo tena au tunasimama. Kinachomwokoa yeye kwanza ni antibiotiki ndani ya saa ya mwanzo na kutafuta chanzo, kama ni jipu likamuliwe, kama ni TB ianzwe dawa. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa namna hiyo swali zuri kuliko la dripu ni hili: "Sista, antibiotiki ya kwanza ameshapata?" Nesi atakutazama mara mbili, halafu ataenda kuhakikisha.

Tunaangalia nini? Tunahesabu pumzi, si kwa kukisia, dakika nzima. Tunapima oksijeni. Tunasikiliza mapafu kwa chini. Tunapima mkojo kwenye mfuko. Na kuna kipimo kimoja cha bure kabisa: unabonyeza ncha ya kidole sekunde kumi, unaachia, unahesabu rangi inarudi baada ya sekunde ngapi. Zaidi ya tatu, damu haizunguki vizuri. Mwaka 2019 hospitali 28 za nchi tano za Amerika Kusini zililinganisha kidole hicho na kipimo cha maabara cha lakteti kama mwongozo wa kutoa maji. Kidole hakikushindwa. Wagonjwa waliofuatwa kwa kidole walipewa maji machache zaidi, na waliokufa walikuwa asilimia 34.9 dhidi ya 43.4, ingawa watafiti wenyewe walikuwa waangalifu kusema tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati. Kwangu mimi ambaye lakteti nikiiagiza naambiwa mashine mbovu, hiyo ni habari kubwa.

Halafu kigurudumu. Kile kidogo cha plastiki kwenye mrija. Nusu lita ikiandikwa iende kwa saa nne, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni kama matone 42 kwa dakika. Tunayahesabu kwa saa ya mkononi. Katika hospitali moja niliyofanya kazi zamani, usiku ndugu mmoja aliona "inaenda polepole", akakifungulia chote kwa upendo kabisa, akarudi kwenye mkeka kulala. Mgonjwa alikuwa na moyo uliotanuka. Niliposikia anakohoa povu chupa ilikuwa tupu. Tulimkalisha, tukampa oksijeni na sindano ya kukojoza, na tulikaa naye mpaka alfajiri. Alipona, nashukuru. Huyo ndugu nilimweleza taratibu bila kumgombeza, maana nani alimwambia kabla? Tangu siku hiyo kila nikitundika dripu namwita anayelala na mgonjwa, namwonyesha kigurudumu, namwambia: hiki ni kama kisu cha daktari wa upasuaji, usikiguse.

Na anayeweza kunywa, anywe. Septemba 2024 kimbunga Helene kilifurika kiwanda cha North Carolina kilichokuwa kinatengeneza karibu asilimia 60 ya maji ya dripu ya Marekani. Hospitali za nchi tajiri kuliko zote zikajikuta zinahesabu chupa, na wagonjwa wanaojiweza wakapewa vikombe vya kunywa badala ya kutundikiwa.

Maswali wekeni kwenye maoni, nitajibu nikitoka zamu ya usiku. Mwenye mgonjwa wake sasa hivi asisubiri majibu yangu, amwone daktari wa wodi yake. Wiki ijayo tunaanza oksijeni, maana kuna mtu ameniuliza kama ni kweli inaweza kuzidi.